Ubishi Unaofundisha na Ubishi wa Ligi

Mezani pana kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Zilivyolazwa, unaona A, K, 4 na 7. Kisha unapewa kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ambazo huna budi kuzigeuza ili ujue kama kanuni hiyo ni ya kweli au ya uongo?

Jipe dakika moja kabla hujaendelea kusoma.

Wengi husema A na 4. Wengine husema A peke yake. Jibu ni A na 7. Ile 4 haikusaidii kitu. Ukiigeuza ukakuta irabu, kanuni imesimama. Ukikuta konsonanti, kanuni bado imesimama, maana haikusema popote kwamba konsonanti haziruhusiwi kukaa na namba shufwa. Lakini 7 ikigeuzwa ikakutwa na irabu, kanuni imekufa papo hapo.

Fumbo hili lilitungwa na Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, katika miaka ya 1960, na tangu hapo limewaangusha wasomi na wasio wasomi bila ubaguzi. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, David Moshman na Molly Geil, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu. Kati ya waliokaa nalo peke yao, asilimia 9 tu walipata. Kati ya vikundi vya watu watano au sita waliojadiliana mpaka wakaafikiana, asilimia 75 vilipata.

Maelezo ya haraka ni kwamba kila kikundi kilibahatika kuwa na mjuzi mmoja, naye akawaambia wenzake. Hesabu inakataa. Kama anayejua ni karibu mmoja kwa kumi, basi ukichukua watu sita kwa bahati nasibu, nafasi ya kumpata angalau mjuzi mmoja haifiki hata nusu. Kwa hiyo sehemu nzuri ya vikundi hivyo vilifika kwenye jibu ambalo hakuna aliyeingia nalo chumbani. Walikuja na makosa yasiyofanana, wakabanana, wakatoka na kitu sahihi.

Nimeanza na kadi kwa makusudi. Swali la kama kutofautiana na wenzako kunakusaidia kujifunza au kunakuzuia hujibiwa mara nyingi kwa hulka ya anayejibu: mpole husema mabishano ni kupotezeana muda, mbishi husema bila kubishana hakuna elimu. Utafiti wa miaka hamsini hivi hauko upande wa yeyote kati yao. Ninavyousoma mimi, unasema hivi: ubishi unafundisha pale ambapo kuna kitu cha tatu, kilicho nje ya wabishani, ambacho wote wawili wanaweza kukiendea kikatoa hukumu. Kadi ziko mezani; zinaweza kugeuzwa. Macho yakibaki kwenye kadi, watu hujifunza hata wakitoleana maneno. Macho yakihamia kwa mtu, kujifunza kunasimama hata kama wote ni wapole kupindukia.

Vijiti viwili

Katika miaka ya 1970, Willem Doise, Gabriel Mugny na Anne-Nelly Perret-Clermont walikuwa wakifanya utafiti Geneva, mji ambao Jean Piaget alikuwa ameshaufanya makao makuu ya utafiti wa akili za watoto. Piaget alionyesha kwamba mtoto mdogo hudanganywa na macho kwa namna inayotabirika. Laza vijiti viwili vya urefu sawa sambamba, ncha zikiwa sawia; mtoto wa miaka mitano au sita atakubali kuwa vinalingana. Sasa kisukume kimoja kidogo kulia, huku akiangalia. Atakuambia hicho ulichokisukuma ndicho kirefu, tena atakuonyesha kwa kidole pale kilipojitokeza.

Ukimwambia kwamba vinalingana, anaweza kukubali kwa kuwa wewe ni mkubwa, na baadaye akarudia yaleyale. Watafiti wa Geneva walijaribu jambo la ajabu kidogo: mtu mzima alimpinga mtoto kwa jibu la makosa. Alidai kwamba kijiti kile kingine ndicho kirefu, akionyesha upande wa kushoto, ambako nacho kimejitokeza. Makosa mawili yakakabiliana, na hakuna aliyetaja ukweli. Hata hivyo watoto waliopitia hali hiyo walipiga hatua kuelekea jibu sahihi. Sasa walikuwa na tatizo halisi mikononi: haiwezekani kila kijiti kiwe kirefu kuliko mwenzake. Ili kulimaliza ilibidi watazame ncha zote mbili kwa pamoja, na kutazama ncha zote mbili ndilo somo lenyewe.

Mwaka 1982 Gail Ames na Frank Murray waliwakutanisha watoto ambao wote walikuwa wamekosea maswali ya aina hii, ila kwa namna tofauti, wakawataka waafikiane. Waliobishana walipiga hatua kubwa kuliko wale walioonyeshwa tu jibu linalopingana na lao.

Ukidhani hayo ni mambo ya watoto, kuna somo la jenetiki katika Chuo Kikuu cha Colorado. Michelle Smith na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2009. Wanafunzi walijibu swali kila mtu kivyake kwa kifaa cha kupigia kura, wakajadiliana na majirani bila kuambiwa jibu, wakapiga kura tena kwa swali lilelile, kisha wakapewa swali la pili lenye kanuni ileile katika sura tofauti, nalo kila mtu alijibu peke yake. Swali la pili ndilo lenye uzito. Kama majadiliano yangekuwa ya kunakili tu kutoka kwa mwanafunzi bora, kunakili huko kusingewasaidia mbele ya swali jipya. Lakini wastani ulipanda kutoka asilimia 52 katika kura ya kwanza hadi 73 katika swali la pili, na uchambuzi wao ulionyesha kuwa hata wanafunzi waliokuwa katika vikundi ambavyo hakuna aliyejua jibu walinufaika.

Mbinu hiyo ya kura, mjadala, kura ilipata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uzoefu wa wanaoitumia ni kwamba swali lenye faida ni lile ambalo darasa limegawanyika. Wakilipata karibu wote, hakuna cha kujadili. Wakikosa karibu wote, kwa kawaida wamekosea kwa namna moja, na watu wenye kosa moja hawana cha kuambiana.

Kwa nini mwenzako huona kile usichokiona

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kufikiri vizuri ni kazi ya mtu mmoja kwenye chumba kimya.

Hugo Mercier na Dan Sperber walitoa hoja mwaka 2011 ambayo bado inawagawa wataalamu. Kwa maoni yao, uwezo wetu wa kutoa sababu haukukua ili mtu aufikie ukweli akiwa peke yake. Ulikua kwa ajili ya mazungumzo, ili tushawishi wengine na ili tusishawishiwe ovyo. Kama ni hivyo, mambo mawili yatatokea. Mtu atakuwa mvivu wa kuzikagua sababu zake mwenyewe, na atakuwa mkali wa kuzikagua za wengine.

Mercier na wenzake Emmanuel Trouche, Petter Johansson na Lars Hall walilipima hilo kwa ujanja unaostahili kusimuliwa. Watu walipewa mafumbo mepesi ya mantiki, wakatoa majibu na sababu zake. Baadaye wakaonyeshwa majibu ya washiriki wengine wazikague sababu zao. Katika fumbo moja, watafiti waligeuza karata: jibu na sababu za mtu mwenyewe zililetwa kana kwamba ni za mtu mwingine. Baadhi walishtukia. Wale ambao hawakushtukia, zaidi ya nusu walizikataa sababu hizo, ambazo walikuwa wameziandika wenyewe muda mfupi tu uliopita. Na kwa sehemu kubwa walikuwa na haki ya kuzikataa, kwa kuwa zilikuwa mbovu kweli. Ukali wote waliouhitaji walikuwa nao tangu mwanzo. Ulikuwa unalala tu mpaka kosa livae sura ya mtu mwingine.

Mabishano, basi, ni mpango wa kubadilishana macho. Mimi nakagua sababu zako kwa ukali ambao wewe huwezi kujifanyia, nawe unakagua zangu.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwangu ni la kutia moyo. Mwaka 2001 Brady Butterfield na Janet Metcalfe walionyesha kwamba makosa ambayo mtu aliyafanya kwa kujiamini sana ndiyo yanayosahihishika vizuri zaidi akipewa jibu sahihi. Ungetegemea kinyume. Lakini anayejiamini akiambiwa amekosea hushtuka, na mshtuko huo huita umakini. Asiyekuwa na msimamo hashtuki, na jibu sahihi humpita kama matangazo ya redioni. Kwa hiyo kuingia kwenye mjadala ukiwa na msimamo si kasoro. Mwenye kusema «mimi sina upande» anaweza kuwa ndiye atakayeondoka na kidogo kuliko wote.

Newton na Hooke, mara mbili

Mwaka 1672 Isaac Newton, akiwa na miaka 29, alituma kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, maelezo ya majaribio yake ya mwanga. Alidai kwamba mwanga mweupe si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa rangi, na kioo cha pembetatu hakiziundi rangi hizo, kinazitenganisha tu. Robert Hooke, aliyekuwa msimamizi wa majaribio wa chama hicho na mwenye jina kubwa katika mambo ya mwanga na lenzi, alitoa ukosoaji wake ndani ya siku chache. Alikubali majaribio, akakataa hitimisho, na kati ya mistari alisema kwamba kilicho kipya hakikuthibitishwa.

Newton hakuwa mtu wa kuvumilia hayo. Mwaka uliofuata aliomba kujitoa kwenye chama. Wakosoaji wengine walijitokeza, naye akajibu, akachoka, na kufikia 1678 akawa amejifungia. Kitabu chake cha mwanga kilitoka 1704, mwaka mmoja baada ya Hooke kufariki, na katika dibaji alisema wazi kwamba alichelewesha uchapaji ili asiingizwe kwenye mabishano. Miaka 32 tangu ile karatasi ya kwanza. Ukitaka mfano wa ubishi uliozuia elimu ya dunia nzima, huu hapa.

Lakini simulizi haliishii hapo. Mwishoni mwa 1679 Hooke, sasa akiwa katibu wa chama, alimwandikia Newton barua ya kirafiki akimkaribisha kubadilishana mawazo. Newton alijibu kwa kupendekeza jaribio la kudondosha kitu kutoka juu ili kuonyesha kwamba dunia inazunguka, na akachora mchoro wa njia ambayo kitu hicho kingepita kama kingeweza kuendelea kushuka ndani ya dunia. Alichora mzunguko unaojikunja kuelekea katikati. Hooke alijibu kwamba hapana, njia hiyo ingefanana na duara lililobanwa, na kitu kingerudi juu tena. Mbaya zaidi, alilisoma kosa hilo mbele ya wanachama.

Newton alikasirika. Tunajua alikasirika, kwa sababu miaka saba baadaye bado alikuwa akilizungumzia katika barua zake kwa Edmond Halley. Lakini katika barua hizohizo alikiri kwamba kusahihishwa mchoro ule ndiko kulikomfanya akae chini apige hesabu ya njia ya duaradufu. Halley alipomwendea mwaka 1684 kumwuliza sayari ingepita njia gani kama nguvu ya jua inapungua kwa mraba wa umbali, Newton alikuwa na jibu: duaradufu. Mwaka 1687 kikatoka kitabu chake kikubwa cha mwendo na mvutano, *Principia*.

Watu ni walewale. Chuki ni ileile, pengine ilikuwa imezidi. Mara ya kwanza ubishi ulinyamazisha. Mara ya pili ulizaa. Kinachotofautisha, kwa macho yangu, ni kilichokuwa katikati yao. Mwaka 1672 walibishania tafsiri: je, majaribio haya yanatosha kuiangusha nadharia yangu na kuisimamisha yako? Swali hilo halikuwa na mahali pa kwenda zaidi ya kwa watu wenyewe na hadhi zao. Mwaka 1679 kulikuwa na mchoro mmoja, wenye mstari mmoja uliopinda vibaya, na hesabu ambayo ingeweza kusema nani kakosea bila kujali jina lake. Newton hakulazimika kumpenda Hooke wala kumsamehe, na hakufanya lolote kati ya hayo. Baadaye, Hooke alipodai sehemu yake ya sifa, Newton alipunguza jina la Hooke kitabuni.

Ndiyo maana siamini sana ushauri wa kwamba siri ya majadiliano mema ni heshima tu. Heshima ni njema kwa sababu zake nyingine. Lakini watu wanaoheshimiana wanaweza kubishania kitu kisicho na mwamuzi mpaka usiku wa manane na wasijifunze chochote.

Ligi, na kukubali yaishe

Macho yakihamia kwa mtu, mambo huharibika kwa njia mbili, na ya pili haizungumzwi vya kutosha.

Ya kwanza ni ligi. Kila mtu anaijua: mjadala umeanza na swali, sasa umebaki na washindani. Céline Darnon, Fabrizio Butera na Judith Harackiewicz waliipima mwaka 2007. Wanafunzi wa chuo walisoma matini huku wakiamini kwamba wanawasiliana na mwenzao kupitia kompyuta. Majibu ya huyo «mwenzao» yalikuwa yameandaliwa na watafiti. Wengine waliambiwa lengo ni kuielewa matini, wengine waliambiwa lengo ni kuonyesha uwezo wao kuliko wenzao. «Mwenzao» alipokubaliana nao, malengo hayo mawili hayakuleta tofauti katika kujifunza. Alipowapinga, waliokusudia kuelewa walijifunza zaidi ya waliokusudia kuonyesha uwezo. Yaani upinzani ndio unaofichua mtu alikuja kufanya nini. Maadamu mnakubaliana, mwenye kiu ya kujua na mwenye kiu ya sifa wanaonekana ndugu.

Njia ya pili ni kukubali yaishe. Mmoja anaona mwenzake ni mkubwa, au msomi, au ana sauti nene, basi anafunika kombe mwanaharamu apite. Kwa nje mjadala umefanikiwa: wamefikia muafaka, hakuna aliyeudhika. Kwa ndani hakuna kilichotokea. Butera na wenzake huyaweka makosa haya mawili kwenye kapu moja, na nadhani wako sahihi, kwa kuwa yote mawili hutatua suala la uhusiano na kuliacha suala la mada palepale lilipokuwa. Mtoto anayekubali kwamba vijiti vinalingana kwa sababu mtu mzima amesema hajatazama ncha ya pili. Amemtazama mtu mzima.

Solomon Asch alionyesha katika miaka ya 1950 jinsi hilo linavyokwenda mbali hata kwa watu wazima. Kazi ilikuwa kusema ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mstari wa mfano, jambo ambalo jicho zima halikosei. Lakini walioketi pamoja na mshiriki walikuwa wamepangwa watoe jibu moja la uongo kwa sauti. Washiriki waliungana na uongo huo katika zaidi ya theluthi moja ya majibu. Kisha Asch akampandikiza mtu mmoja tu wa kuvunja umoja huo, na makosa yakashuka hadi karibu robo ya yale ya awali. Kilichonivutia zaidi ni toleo ambalo mpinzani huyo mwenyewe alikosea, tena vibaya kuliko kundi. Hata hapo shinikizo lilipungua. Mpinzani aliyekosea hakumpa mtu jibu; alimrudishia ruhusa ya kutazama mistari.

Tumerudi kwa yule mtu mzima wa Geneva aliyekosea makusudi. Faida ya mpinzani haitegemei sana usahihi wake, jambo linalopaswa kuwafariji wanaosita kufungua mdomo mpaka wawe na hakika.

Yanayopinga

Nisionekane nauza dawa. Uko ushahidi mzito wa upande wa pili.

Mwaka 2003 Carsten De Dreu na Laurie Weingart walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu timu za kazini. Wengi walitarajia kwamba ugomvi wa mtu na mtu unaumiza timu, lakini kutofautiana kuhusu kazi kunasaidia. Walikuta yote mawili yanaambatana na utendaji hafifu. Uchambuzi mwingine wa 2012, wa Frank de Wit, Lindred Greer na Karen Jehn, ulilainisha picha: ubishi kuhusu kazi huwa na nafuu pale ambapo haujachanganyika na ugomvi wa kibinafsi. Tatizo ni kwamba kazini vitu hivyo hutembea pamoja. Anayeipinga ripoti yako mbele ya bosi ameipinga ripoti, au amekupinga wewe? Mara nyingi hata yeye hajui.

Na pale ambapo ushahidi unaweza kusomwa kwa namna mbili, kuonyeshwa hoja za upande wa pili hakutoshi. Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwapa wanafunzi 48 wa Stanford, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga, tafiti mbili zilezile zenye matokeo yanayopingana. Kila upande uliukuta utafiti unaoupendelea kuwa makini na mwingine kuwa na kasoro, na kila upande ukaondoka umeshupaa zaidi. Hiyo ilikuwa 1979. Mwaka 2018 Chris Bail na wenzake walichapisha jaribio ambalo watumiaji wa Twitter nchini Marekani walilipwa kufuata kwa mwezi mmoja akaunti ya roboti iliyosambaza maoni ya kambi pinzani. Waliokuwa wahafidhina walizidi kuwa wahafidhina. Hapakuwa na wa kumwuliza swali wala wa kumjibu, ni ujumbe tu unapita. Huko ni kupingwa bila mjadala, na sishangai hakukumfundisha mtu.

Hata hivyo ile imani iliyoenea kwamba ukimsahihisha mtu anazidi kung'ang'ania kosa lake imetiwa chumvi. Ilitokana na utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa 2010, lakini Thomas Wood na Ethan Porter walipoijaribu kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, hawakuiona. Watu wengi wakisahihishwa kuhusu jambo la hakika husogea, japo kidogo, na mara nyingi bila kubadili upande wao wa siasa.

Kuna pia mambo ambayo ubishi hauna kazi nayo kabisa. Anayejifunza msamiati, majina ya mifupa au vidole vikae wapi kwenye nyuzi za gitaa anahitaji marudio na mtu wa kumsahihisha papo hapo. Hakuna kanuni ndani yake ya kuchimbua. Na mgeni kabisa wa somo hana mali ya kubishania. Atabaki ama kukubali yaishe, ama kushikilia neno la kwanza alilolisikia.

Vipi kuhusu kumteua mtu awe mpinzani wa kuigiza, kama vikao vingi vinavyopenda kufanya? Charlan Nemeth na wenzake walilinganisha mwaka 2001 vikundi vyenye mpinzani wa kweli na vyenye mpinzani wa kupangiwa. Wa kweli aliwafanya wenzake watoe mawazo mengi na bora zaidi. Nadhani sababu si ngumu kuiona: ukijua mtu anaigiza, humtafutii sababu zake, unasubiri amalize.

Kukubaliana namna ya kutofautiana

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alichoshwa na desturi ya wanasayansi kurushiana makala za majibu, jibu la jibu, na jibu la jibu la jibu, bila yeyote kusogea. Akapendekeza kitu kingine: wapinzani wafanye utafiti mmoja pamoja. Kabla ya kugusa takwimu, wanakubaliana ni kipimo gani kitatumika na matokeo gani yatamaanisha nini, na anakuwepo mtu wa tatu wa kuwasimamia. Kwa maneno mengine, wanajenga ile meza yenye kadi kwanza, ndipo wanaanza kubishana.

Mwaka 2010 Kahneman na Angus Deaton walikuwa wamechapisha matokeo yaliyosambaa dunia nzima: nchini Marekani furaha ya kila siku hupanda pamoja na kipato mpaka karibu dola 75,000 kwa mwaka, kisha haipandi tena. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, aliyekusanya takwimu kwa kuwauliza watu wanajisikiaje katika nyakati mbalimbali za siku kupitia simu zao, alitangaza kwamba hakuna ukomo wowote. Furaha inaendelea kupanda. Hizi ni kauli mbili ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, sawa na vile vijiti.

Waliketi pamoja, Barbara Mellers akiwa msimamizi, na mwaka 2023 wakachapisha jibu. Walipochambua upya takwimu za Killingsworth kwa makundi, walikuta kwamba kwa wale wasio na furaha, kama asilimia 15 hadi 20 ya watu, kuna ukomo kweli: kipato huwapunguzia machungu mpaka karibu dola 100,000, kisha hakiwaondolei zaidi. Kwa waliobaki furaha inaendelea kupanda, na kwa wenye furaha zaidi inapanda kwa kasi zaidi. Maswali ya 2010 yalikuwa rahisi mno kwa mtu mwenye furaha, karibu kila mtu aliyajibu ndiyo, kwa hiyo yalipima vizuri huzuni na vibaya furaha. Killingsworth naye, kwa kutumia wastani wa watu wote, alikuwa amelifunika lile kundi dogo lililo chini.

Kahneman alikuwa na tuzo ya Nobel tangu 2002 na umri wa miaka 88 utafiti huo ulipotoka. Ukomo wake ulikuwepo kweli, ila kwa kundi dogo tu, na kipimo chake kilikuwa na hitilafu ambayo kwa zaidi ya miaka kumi hakuna msomaji aliyekubaliana naye aliyewahi kuiona.